Kiasi Asichokitaja Daktari Shamsa

Ukitaka kumjua Daktari Shamsa Kombo, usianzie hospitalini. Huko utamwona mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, koti jeupe juu ya baibui, akimwambia mzee wa watu, "Tazama sikio langu la kulia, Mzee, usiitazame taa," na utaondoka ukidhani umemwona. Anzia nyumbani kwake Kilindoni, barazani, kwenye kiti cha kamba anachokalia baba yake, Mwalimu Kombo, ambaye ana miaka ishirini sasa hajaona hata kivuli cha mkono wake.

Mwalimu Kombo alisomesha Kurani watoto wa Ndagoni zaidi ya miaka thelathini. Mzazi akija na mwanawe, akiuliza ada ni kiasi gani, Mwalimu alikuwa na jibu moja tu, "Mtakachojaaliwa." Basi mmoja analeta nazi, mwingine papa mkavu, mwingine haleti kitu mwaka mzima, halafu Idi ikifika anatokea na beberu. Sasa, kama wewe si mtu wa Mafia, naomba unielewe hapa. Mtu wa kisiwa akikwambia mtakachojaaliwa, hajasema kwamba chochote kinatosha. Amekuachia wewe hiyo haya, uibebe mwenyewe. Nawe, kama ulilelewa, unazidisha.

Shamsa alilelewa hivyo. Alipokuwa mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari, baba yake alianza kujikwaa vizingitini. Zahanati wakampa dawa ya tyubu. Mwaka uliofuata wakampa tyubu nyingine. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa usiouma wala kuwasha, unaolamba pembeni kidogo kidogo hadi mtu anabaki na tundu dogo katikati, na tundu nalo likaziba. Muuguzi wa zahanati hakuwa mzembe, hakufundishwa tu. Shamsa aliporudi likizo akamtazama baba yake machoni kwa tochi, alijua yote, na hakukuwa na la kufanya. Ndipo alipochagua macho.

Na ndiyo maana Rabson alipokuja kisiwani, miaka sita iliyopita, Shamsa alimwona ni neema. Rabson alikuwa afisa wa kampuni moja inayouza matone ya macho, mtu wa bara, mpole, shati limefungwa vifungo mpaka kooni kwenye joto lile. Kampuni yake ilitaka madaktari wa kuwafundisha wauguzi wa zahanati za pwani namna ya kuitambua presha ya macho kabla haijamaliza kazi. Shamsa akamwambia mapema kwamba yeye atafundisha ugonjwa, hatafundisha chupa. Rabson akakubali. Kisha akatoa fomu, akaweka kalamu juu ya mstari mmoja, akauliza, "Daktari, kiwango chako kwa somo moja ni kipi?"

Shamsa akahisi uso unawaka. Bei ya elimu, itoke kinywani mwake? Akajibu kama mtoto wa baba yake, "Mtakachojaaliwa, bwana Rabson."

Rabson akaandika laki mbili, na nauli. Shamsa akashukuru.

Akaenda Kilwa, akaenda Lindi, akaenda Mtwara, akapanda boti kwenda Nyamisati mara nyingi kuliko mchuuzi wa samaki. Kila Machi alifundisha Kilindoni, wauguzi thelathini ndani ya ukumbi wenye feni moja. Alikuwa anaipenda kazi ile kuliko zote, na siri moja ambayo Rabson hakutakiwa kuijua ni kwamba angeifanya hata kwa kujilipia. Baada ya somo la mwaka wa pili, Goodness, muuguzi wa zahanati ya Bweni, alimleta mama mmoja mkulima wa minazi juu ya pikipiki, asubuhi nzima ya mashimo, kwa sababu tu alimtilia shaka alipomwona anageuza kichwa kizima kutafuta kilicho pembeni yake. Mama yule mpaka leo anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Shamsa alipomsimulia baba yake, mzee akasema Alhamdulillahi, huyo ameponea kwenye upofu wangu.

Mambo yaliharibika Novemba, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa mwaka wa madaktari wa macho, saa ya chai. Kassian ndiye aliyeyaharibu, na wala hakukusudia. Kassian ni mtu wa Songea, wamesoma darasa moja na Shamsa, sasa yuko Mtwara, na anafundisha semina zilezile za kampuni ileile. Picha anazoonyesha ni za Shamsa, alimwomba.

"Hawa jamaa wa matone ni wabahili," Kassian alisema, mdomo umejaa andazi. "Laki sita kwa somo, miaka nenda miaka rudi, hata elfu kumi hawaongezi."

Shamsa alikuwa ameshika sambusa. Akaitazama.

"Ndivyo walivyo," akajibu, na mazungumzo yakahamia kwenye foleni za barabarani.

Laki sita. Safari nzima ya kurudi alikuwa nayo kichwani. Ugonjwa ule ule, wauguzi wale wale, picha zake mwenyewe. Lakini hasira yake haikumwendea Rabson. Rabson si aliuliza? Kalamu aliiweka juu ya mstari, akangoja. Bila shaka Kassian, mtu wa bara, alitaja chake bila kupepesa, na yeye Shamsa akaleta adabu za chuo cha Kurani cha Mwalimu Kombo. Kosa ni lake. Na akilifuata kosa lake mpaka lilikotoka, lilikuwa limekaa pale barazani, kwenye kiti cha kamba.

Hapo ndipo alipoanza kumjibu baba yake kwa mkato. Hakumkosea adabu, hapana. Chai ilifika kwa wakati, kanzu ilifuliwa. Ila akimpeleka msikitini alimshika mkono akaenda mwendo wa haraka, kimya, na mzee akiuliza jambo alijibiwa ndiyo au hapana. Miezi mitatu.

Mumewe, Mudrik, fundi wa injini za boti, alimwambia ampigie tu Rabson amwambie. Rahisi kwa Mudrik, ambaye bei zake amezichora ukutani kwa rangi nyekundu. Shamsa aliogopa mambo mawili. La kwanza ni haya ya kutaja bei. La pili lilimnyima raha kabisa: aombe, kampuni ione huyu mama amekuwa ghali, imtafute wa bei nafuu au ifute kabisa semina ya kisiwani, maana nani wa Dar atajali wauguzi thelathini wa Mafia? Machi ilikuwa inakaribia. Zahanati tatu zilikuwa na wauguzi wapya ambao hawajawahi kusikia habari ya presha ya macho. Akifikiria tyubu zitakazogawiwa huko, alinyamaza tena.

Aliyemtoa kwenye kimya hicho ni shangazi yake, Mwanamkuu, dada mkubwa wa Mwalimu Kombo. Bi Mwanamkuu anakaa Ndagoni na huja Kilindoni kila wiki kumtazama ndugu yake. Siku moja alikaa barazani robo saa tu, akamfuata Shamsa jikoni.

"Unamjibu baba yako kama unamfukuza. Kuna nini?"

Shamsa akajaribu kusema hakuna kitu, akashindwa, akamwaga yote: fomu, mtakachojaaliwa, sambusa, Kassian. Alipomaliza alikuwa analia juu ya kitunguu, na kitunguu hakikuwa na kosa.

"Mficha uchi hazai," Bi Mwanamkuu alisema. "Si wewe unayewaambia wagonjwa hivyo?"

"Nimejaribu kukitaja kiasi, Shangazi. Hakitoki. Simu nimeishika mara ngapi, hakitoki."

"Nani kakwambia ukitoe wewe? Ulipoolewa na Mudrik, mahari yako uliyatamka?"

Hakuyatamka, na kisiwa kizima kinajua taratibu hizo. Bibi harusi huulizwa anataka nini, ni haki yake, lakini hakitoki kinywani mwake mbele za watu. Humnong'oneza shangazi yake chumbani, na shangazi hutoka akakisema kwa sauti. Shamsa alinong'ona Msahafu na cherehani. Bi Mwanamkuu alitoka akasema Msahafu, cherehani, na kitanda cha mninga ambacho hakuna aliyekiomba. Kitanda hicho wanakilalia mpaka leo.

"Mwambie huyo kijana aje Ndagoni," Bi Mwanamkuu alisema. "Na wewe utakaa ndani."

Rabson alifika Februari kwa ajili ya kupanga semina ya Machi. Alipoambiwa kikao kitakuwa Ndagoni kwa shangazi wa Daktari, alidhani amealikwa chakula. Akaja nyuma ya bodaboda na kalenda ya kampuni na boksi la kalamu. Bi Mwanamkuu alivipokea kwa mikono miwili, akavitazama.

"Hiki ndicho kifungua mlango?" akauliza, kama kwamba ni posa.

"Bibi?"

"Haya, keti, mwanangu. Wa bara husamehewa."

Kahawa ilikuwa tayari, na mkate wa kumimina umekatwa. Shamsa alikuwa chumbani nyuma ya pazia, amekaa kitandani, simu ameizima, daktari mzima mwenye vyeti ukutani amejificha kama mwari. Alijiona mjinga kabisa.

"Daktari yupo?" Rabson akauliza. Chini ya pazia viatu vya Shamsa vilionekana.

"Yupo. Lakini leo utasema na mimi." Bi Mwanamkuu akajinyoosha. "Mwanangu, mlikuja kwetu mkauliza, mkajibiwa mtakachojaaliwa. Mkajaaliwa laki mbili. Tumeshukuru, miaka sita tunashukuru. Sasa tunasikia iko nyumba nyingine mmejaaliwa sita."

Rabson akapaliwa na kahawa. "Bibi, hivi viwango…"

"Chanda chema huvikwa pete. Hiki chetu kina ubaya gani?"

"Hakina ubaya. Wallahi Bibi, hakina." Alikuwa Mkristo safi, lakini mbele ya Bi Mwanamkuu mtu huapa kwa chochote kinachofika mdomoni. "Huyu ndiye mwalimu wetu bora. Wauguzi wakiulizwa wanamtaja yeye."

"Basi nijibu moja. Huyo bwana Kassian yeye alitaja kiasi?"

Nyuma ya pazia Shamsa akafumba macho. Ndilo swali alilokuwa akilikimbia. Rabson atasema ndiyo, alitaja, na hapo kesi imekwisha: aliyetaja kapewa, asiyetaja kakosa, na aliyemfundisha kutotaja anajulikana.

Rabson aliweka kikombe chini.

"Hapana," akasema. "Hakutaja. Alisema mtakavyoona."

Pazia likafunguka. Shamsa mwenyewe hakukumbuka kusimama.

"Alisema nini?"

"Mtakavyoona, Daktari. Fomu yake ilikuwa wazi kama yako. Nilizijaza mimi. Kampuni inaruhusu kuanzia laki mbili mpaka sita, kwa busara ya afisa."

"Na busara yako ilikwambiaje?" Bi Mwanamkuu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa.

Rabson aliziangalia soksi zake. Angeweza kudanganya. Tumpe haki yake, hakudanganya.

"Nilidhani Daktari ana mume."

"Anaye. Mume wake ndiye anayesimama kufundisha?"

"Hapana, Bibi."

"Na Kassian hana mke?"

"Anaye. Yuko benki."

Bi Mwanamkuu akamwongeza kahawa. "Kunywa, mwanangu, isipoe."

Hasira ilimjia Shamsa, ilikuja na ikakaa, na ukimkuta siku mbaya utaikuta bado ipo. Lakini haikuwa ya kwanza kufika. Kilichofika kwanza kilikuwa nafuu, nafuu kubwa mno hata akashika mlango. Hakukosea. Wawili walisema neno moja, mmoja akaandikiwa sita na mwingine mbili, na neno lile halikuwa na hatia yoyote. Miezi mitatu alikuwa amewahukumu wasio na kosa, yeye mwenyewe na mzee wake, na kifungo wakakitumikia wote wawili. Akajikuta anacheka, machozi yanamtoka, na Rabson maskini hakujua atazame wapi.

"Laki sita," Shamsa akasema. Kilitoka bila taabu. "Sawa na Kassian. Na wanawake wengine unaowasimamia, kaziangalie fomu zao."

"Bibi harusi katoka chumbani," Bi Mwanamkuu alinung'unika, "sasa mimi nakaa hapa kwa kazi gani?" Lakini alikuwa anakata kipande kingine cha mkate, na alikikata kikubwa.

Rabson aliandika kwenye daftari lake. "Nitapeleka. Ila iko juu ya bosi, siwezi kuahidi."

"Akikataa? Somo la Machi?"

"Sijui, Daktari. Kweli sijui."

Siku kumi na nne zikapita. Asidanganye mtu kwamba Shamsa alikuwa shujaa siku hizo. Alijuta mara mia. Aliwaza laki mbili zilikuwa na ubaya gani, watu wanapona, yeye ana njaa? Aliwaona wale wauguzi wapya wakimkabidhi baba wa mtu mwingine tyubu. Kwa baba yake mwenyewe hakusema neno, maana angeanzaje? Ingembidi aeleze kwanza alikuwa amemkasirikia nini, na kabla ya jibu hakuwa na moyo huo.

Siku ya kumi na tano, saa nne asubuhi, amemwinamia mgonjwa, simu ikatikisika mfukoni. Aliona jina la Rabson. Akamwomba mgonjwa radhi, akatoka kwenye korido.

"Imepita," Rabson alisema. "Semina ya Kilindoni iko palepale, tarehe ileile. Nimeangalia fomu zote, Daktari. Ninao walimu kumi na mmoja, wanne wanawake. Wote wanne nilikuwa nimewaandikia mbili. Mbali na wewe, hakuna hata mmoja niliyekumbuka kwa nini. Bosi akaniuliza sababu ya kuwapandisha, nikamwambia anipe yeye sababu ya wao kuwa chini. Akasaini."

"Wanaume je?"

"Yuko mmoja wa laki nne. Wengine wote laki sita." Akakohoa. "Nisamehe, Daktari."

"Andika wote sawa mwaka huu, Rabson, nitakusamehe mwakani," Shamsa akasema, akakata simu. Kisha akakaa kwenye benchi la wagonjwa, kati ya bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho na mvuvi mwenye mchanga jichoni, akashusha pumzi mpaka bibi akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Wauguzi thelathini, Machi, feni moja. Moyo wake ulikuwa mweupe.

Alasiri alirudi nyumbani mapema. Mwalimu Kombo alikuwa barazani, tasbihi mkononi, amegeuzia uso upande wa hatua zake. Shamsa hakuingia ndani. Aliketi sakafuni miguuni pake na akamweleza yote kuanzia fomu. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Kwenye habari ya pazia na viatu alicheka, akasema dada yake hajabadilika tangu utotoni.

"Nilikuwa na hasira na wewe, Baba," Shamsa alisema. "Nilidhani umenilea vibaya. Kwamba neno lako ndilo lililonipunja."

Mwalimu Kombo akazungusha punje mbili tatu za tasbihi.

"Neno lile niliwaambia watu wa Ndagoni," akasema. "Nilikuwa nawajua kwa majina, na wao wananijua. Kampuni humjui mama yake. Ningekufundisha hilo, ila mimi sikuwahi kukutana na kampuni." Akaendelea, taratibu zaidi, "Nilijua una jambo. Huko njiani ulikuwa unanivuta. Nikasema moyoni, miaka ishirini ni mingi, mtoto wa watu amechoka kunishika mkono. Nilikuwa nataka kumwomba Mudrik anifunge kamba kutoka hapa mpaka msikitini, nijifunze kwenda mwenyewe."

Shamsa aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Sikuchoka, Baba," akasema. Akasema tena, na mara ya tatu, polepole, kwa sababu baba yake hakuwa na njia ya kuuona uso wake.